WANA-DUNDA, SAA YA KWANZA NI YENU: SERIKALI HUJA NA SANDA

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

NDUGU msomaji, hasa wewe kijana unayeshinda hapo ufukweni Dunda karibu na soko la samaki, ukisubiri mashua ziingie au abiria wa pikipiki atokee, leo nina swali moja tu kwako. Bahari ikivimba alfajiri moja ya masika, upepo ukang'oa mabati, mashua zikapinduka wenzako wakiwa ndani yake, nani atakuwa wa kwanza kufika kuokoa? Usinijibu kwa hasira. Nijibu kwa kuhesabu.

Hesabu boti ya uokoaji unayoijua wewe, iliyofungwa mahali unapopajua, yenye mashine inayowaka na mafuta ndani yake. Hesabu majaketi ya kuokolea. Hesabu kamba ndefu, tochi za maana na machela. Hesabu watu wa kata hii waliofundishwa kumrudishia pumzi mtu aliyekunywa maji. Kisha hesabu fulana za kampeni ulizogawiwa kila uchaguzi unapokuja. Fulana tunazo za kutosha kutandika barabara kutoka Dunda hadi Mapinga! Majaketi je?

Hapo ndipo ulipo ugomvi wetu na wakubwa. Katika nchi hii Serikali huwa hodari sana baada ya watu kufa. Unga utakuja, magodoro yatakuja, rambirambi itasomwa, mheshimiwa atavaa viatu vya mpira na kamera zitamfuata hadi kwenye matope. Lakini saa ya kwanza, ile saa ambayo mtu bado anapiga mikono majini, haina mwenyewe. Serikali huja na sanda.

"KWETU HAKUNA VIMBUNGA"

Kuna watu wazima na akili zao wanaokwambia kwamba pwani yetu ililindwa na Mungu, vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Hilo ni changa la macho. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikazamisha majahazi ya Sultani na kung'oa mikarafuu mashambani, na hapa hapa Bagamoyo kikabomoa majengo ya misheni ya mapadre walioanza kazi yao mwaka 1868. Aprili 1952 kimbunga kingine kikaiangukia Lindi. Babu zetu waliyaona haya.

Tofauti ya zamani na sasa ni kwamba zamani ilipita miaka 80 kati ya kimoja na kingine. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, mlango wa pili kutoka kwetu, na wakazi wa Mtwara wakaambiwa wakimbilie mwinuko. Aprili 2021 kikaja Jobo, kikaishiwa nguvu kabla ya kutufikia. Mei 2024 kikaja Hidaya, kikafika hadi maeneo ya Mafia. Vitatu katika miaka 5!

Sababu haihitaji shahada. Kimbunga hula joto la bahari kama moto unavyokula kuni, na Bahari ya Hindi upande wetu huu inazidi kupata joto kuliko bahari nyingi duniani. Maji yenyewe nayo yamepanda. Wataalamu wa dunia wanasema kina cha bahari kiliongezeka kwa kiasi cha sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na sasa kinapanda kwa kasi zaidi. Utasema sentimita 20 ni urefu wa rula ya mtoto wa shule. Sawa. Muulize mvuvi yeyote maana ya sentimita 20 juu ya bamvua, wakati upepo unasukuma maji kuja nchi kavu na Ruvu imefurika inasukuma maji kuja baharini. Vijana wa Pangani wanakijua Kisiwa cha Maziwe. Zamani kilikuwa na miti yake, leo ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa halionekani.

TAHADHARI GANI?

Tuwe wa kweli, maana gazeti la upinzani halijengwi kwa uongo. Wakati wa Hidaya, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilifanya kazi yake. Ilitangaza mapema, ikarudia, na boti za abiria za kwenda Unguja zikasitishwa. Tunawapa heko bila kinyongo.

Lakini ujumbe uliotufikia sisi wa vijiweni ulikuwa na maneno mawili: "Chukueni tahadhari." Tahadhari gani, ndugu zangu? Mwenye mashua aivute hadi wapi? Bibi anayeishi peke yake karibu na maji apelekwe shule ipi, msikiti upi, kanisa lipi, na nani, kwa usafiri gani? Mgonjwa aliyelazwa ahamishwe au abaki? Tangazo lisilomwambia mtu aende wapi ni sawa na kumwambia mwenye njaa ale chakula bora.

Hili si jambo jipya. Desemba 26, 2004, tetemeko lilipiga chini ya bahari huko Sumatra alfajiri kwa saa zetu. Mawimbi yalichukua saa kama 8 kuvuka bahari na kufika kwetu. Mombasa, polisi wa Kenya waliwatoa watu ufukweni. Hapa kwetu vijana waliachwa wakiogelea, na watu wasiopungua 10 wakafa. Tetemeko la ardhi halihusiani na hali ya hewa, nakubali. Lakini mlango uliokosekana siku ile ndio huo huo utakaokosekana kesho: habari ikishafika redioni, nani anaibeba kutoka hapo hadi mchangani?

BARABARA MOJA, DARAJA MOJA

Wakubwa watakujibu kwamba msaada utatoka Dar es Salaam. Haya, tuufuate huo msaada njiani. Kutoka jijini hadi Dunda ni zaidi ya kilomita 60, na Mto Mpiji umekaa katikati. Aprili 2014 mvua ilikata barabara hiyo kwenye daraja la Mpiji, na Bagamoyo ikatenganishwa na jiji. Mwezi huo huo jiji lenyewe lilikuwa linazika watu wake. Sasa niambie, siku ambayo Jangwani, Msasani na Mbezi zimezama kwa pamoja, gari la zimamoto litaachia jiji lenye mamilioni ya watu lije kukutafuta wewe Dunda?

Kaangalie kusini. Hidaya hakikuwa kimbunga kikubwa kilipofika, lakini mvua yake ilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga, na magari yakakwama siku kadhaa. Watu walilala barabarani. Na wiki chache kabla ya hapo, katika mkoa wetu huu huu wa Pwani, Rufiji na Kibiti zilikuwa zimezama. Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alisimama bungeni akasema mvua za El Niño za msimu ule zilikuwa zimeshaua watu 155 nchini. Watu 155, ndugu msomaji, kabla Hidaya hakijazaliwa!

Ndiyo maana tunasema saa ya kwanza ni ya kwenu, mpende msipende. Hakuna atakayefika kabla yenu.

SOMO LA BUKOBA

Kama hunisadiki, toka pwani kidogo twende Bukoba. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air yenye watu 43 iliangukia Ziwa Victoria, umbali mdogo tu kutoka uwanjani. Nani alifika kwanza? Wavuvi. Kijana mmoja, Majaliwa Jackson, alipiga kasia hadi kwenye ndege na kusaidia kufungua mlango, watu wakaanza kutoka. Vijana wenye mitumbwi na kamba ndio walioanza kazi. Watu 24 waliishi, 19 walikufa.

Serikali haikumnyima Majaliwa heshima yake. Alipewa shilingi milioni 1 na kuajiriwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Vizuri sana, na sisi tulipiga makofi. Lakini tulipomaliza kupiga makofi tukajiuliza: mbona kijana yule alionekana ana maana baada ya maiti 19? Siku moja kabla yake alikuwa nani machoni pa wakubwa? Alikuwa mvuvi tu, mlalahoi, huenda na mzururaji. Kamba imara ingekuwa mtumbwini mwake, mafunzo yangekuwa kichwani mwake, mlango wa pili ungefunguliwa na nani?

Dunda ina vijana kama yule kwa mamia. Wanayajua mafungu ya mchanga na mikondo kuliko ramani yoyote iliyotundikwa ofisini. Madereva wa pikipiki wanajua uchochoro gani hujaa maji kwanza na upi hubaki mkavu. Serikali yenye akili ingewaita hao ikawapa kazi. Ya kwetu huwakumbuka kwa mambo mawili: kura na msako.

JIJINI WALIANZA, KWETU JE?

Desemba 2011, mizinga ya miaka 50 ya uhuru ikiwa haijapoa hata wiki mbili, mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam. Watu wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande na kuambiwa bonde halifai kwa makazi. Muda si mrefu Serikali hiyo hiyo ikajenga karakana ya mabasi ya mwendokasi wapi? Jangwani, bondeni humo humo! Mvua zikaja, mabasi yakaoga na kuharibika. Mlalahoi akijenga bondeni anaitwa mkaidi, kigogo akijenga hapo hapo unaitwa mradi.

Hata hivyo jiji lilijifunza kidogo. Leo lina kikosi cha pamoja cha dharura, DarMAERT, kinachokutanisha polisi, zimamoto, hospitali, manispaa na Msalaba Mwekundu, kilichopata msukumo kutoka fedha za Uingereza na Benki ya Dunia. Kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa walishika simu wakachora ramani ya mitaro, madaraja na nyumba zinazofurika, kazi iliyoitwa Ramani Huria. Mwaka 2018 kuta za kuzuia bahari zilikamilika Kigamboni na kando ya Barabara ya Barack Obama, hatua chache kutoka Ikulu. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi.

Hatuwaonei wivu watu wa Dar, wao nao ni walalahoi wenzetu. Tunauliza tu: bahari inayopiga karibu na Ikulu ndiyo hiyo hiyo inayopiga Dunda, au kuna bahari ya wakubwa na ya watoto? Tangu 2013 tunaimbiwa wimbo wa bandari kubwa ya Bagamoyo, wimbo ukasimamishwa 2019, ukaanza tena 2021. Mabilioni ya dola yanatajwa kwa ajili ya meli za watu. Kwa ajili ya mashua zetu linatajwa nini?

SHERIA IPO, ISOMENI

Msikubali kuambiwa kwamba sheria haipo. Kwa Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, zimamoto iliondoka mikononi mwa halmashauri ikawa jeshi la taifa zima chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Tangu hapo ukimuuliza diwani anakwambia hilo ni la Dodoma, ukiuliza Dodoma unaambiwa bajeti haijatosha. Longolongo tupu.

Lakini mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria ya Usimamizi wa Maafa. Sheria hiyo inataka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa na wilaya, hadi kata na mtaa. Sikiliza vizuri: HADI MTAA. Kwa hiyo mtaa wako ulitakiwa uwe na kamati. Nani mwenyekiti wake? Ilikutana lini mara ya mwisho? Mpango wake umeandikwa wapi? Ibara ya 18 ya Katiba inakupa haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha yako. Kama kuna kamati na wewe mkazi huijui, basi hiyo ni kamati ya kwenye kabati.

BANGLADESHI WALIWEZA NA UMASKINI WAO

Watakwambia nchi yetu ni maskini. Hapo ndipo tunapowataka waangalie Bangladeshi, nchi ya wavuvi na wakulima wa mpunga. Novemba 1970 kimbunga kiliua huko watu wasiopungua 300,000 kwa usiku mmoja. Hawakungoja wawe matajiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliunda mpango wa watu wa kujitolea wa vijijini, wake kwa waume, na leo wamezidi 70,000. Silaha zao ni zipi? Kipaza sauti cha mkononi, baiskeli, redio, na bendera inayopandishwa mlingotini ili hata asiyejua kusoma aelewe hatari imefika kiwango gani. Kila mmoja anajua nyumba zake za kugonga. Mei 2020 kilipokuja kimbunga Amphan, watu zaidi ya milioni 2 walihamishwa kabla yake, na waliokufa nchini humo hawakufika 40.

Kutoka 300,000 hadi chini ya 40! Je, bendera ni ghali kuliko shangingi moja la kigogo? Kipaza sauti cha msikiti hakipo Dunda? Kengele ya kanisa haipo? Pikipiki hazipo? Vijana hawapo? Kinachokosekana ni mtu wa kuviunganisha, na mtu huyo anakula mshahara wa kodi yako.

TUNACHOTAKA

Tunataka orodha ya kamati ya maafa ya kata na ya kila mtaa ibandikwe ukutani, majina na namba za simu, panapoonekana. Tunataka wavuvi na madereva wa pikipiki wa Dunda waandikishwe kuwa waokoaji wa akiba, wafundishwe na Jeshi la Zimamoto na Msalaba Mwekundu, na wapewe kamba, majaketi, tochi na mafuta ya akiba yaliyofungiwa mahali panapojulikana, funguo ikae kwa watu wawili wa mtaani na si mezani kwa mkurugenzi. Tunataka mlingoti wa bendera za hatari pale soko la samaki, na makubaliano na maimamu na mapadre kuhusu nini kitasomwa kwenye vipaza sauti. Tunataka majengo ya kukimbilia yatajwe kwa majina, kata kwa kata. Na tunataka zoezi moja kila mwaka kabla ya masika, watu wakimbie kweli, wasikae hotelini kula posho ya semina.

Na wewe kijana, usijifanye mtakatifu. Mkoko unaoukata kuuza boriti ndio ngao inayovunja wimbi kabla halijafika kwa mama yako. Taka unazosukumia mtaroni ndizo zitakazokurudishia maji chumbani. Na siku ya kasheshe, ukiinua simu kupiga picha wakati mwenzako anazama, huna tofauti na mheshimiwa wa viatu vya mpira. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Iandike leo, ukijua kwamba kabla hawajafika una kazi ya kufanya.

Mtu akikwambia "ajali haina kinga, ni kazi ya Mungu", mjibu kwa adabu kwamba mvua ni ya Mungu, lakini kamba, boti na mtaro ni kazi ya Serikali. Mungu hajawahi kuomba bajeti bungeni.

Mkutano ujao wa mtaa usiende kusinzia. Wahi, kaa mbele, nyosha mkono, sema: "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba majina ya kamati ya maafa, na naomba kuonyeshwa vifaa vyake." Wakikujibu vizuri, jiandikishe siku hiyo hiyo. Wakikujibu ovyo, waandike majina yao hao waliokujibu, ukayakumbuke kwenye sanduku la kura. Wazee wetu walibwaga moyo katika mji huu kwa sababu safari ilikuwa imewashinda nguvu. Sisi tusibwage. Masika hayangoji kikao.